Nyama Iliyobadilishwa Jina

Waimbaji, kaeni kwanza. Leo nina jambo limenikaa rohoni, wapendwa, na sitalisema kwa upole.

Kulikuwa na kijiji kimoja cha wawindaji. Bunduki hawakuwa nazo. Walikuwa na mbwa, marungu, na wavu mrefu wa kamba za katani. Wengine wanautandaza wavu kichakani, wengine wanapiga kelele upande wa pili, paa anakurupuka na kujitia mwenyewe wavuni. Kazi hiyo mnaijua, babu zenu waliifanya.

Sasa, kijiji hicho kilikuwa na utaratibu wake. Nyama ya paa ikitoka porini haikuitwa kitoweo. Iliitwa mawindo. Kwa nini? Kwa sababu imewindwa! Neno lenyewe linatokana na kuwinda, na ukilitamka linakutajia watu: aliyefuga mbwa, aliyekimbia miibani, aliyesokota kamba. Ukisema mawindo, umekiri kwamba hukuwa peke yako. Nyama hiyo ililazwa juu ya majani pale njia panda, ikagawanywa mbele ya macho ya watu. Mtu akishashika fungu lake, hapo ndipo aliruhusiwa kusema, "Hiki ni kitoweo changu," akaenda kulia ugali wake. Ukisema hivyo kabla ya kugawa, wewe ni mwizi. Wala hawakuhitaji polisi wa kuwafundisha.

Na paja la nyuma lilikuwa la aliyesuka wavu. Katika kijiji kile wavu ulisukwa na mama mmoja mjane, vidole vimechubuka kwa katani.

Siku moja paa akanaswa. Bwana mmoja ndiye aliyempiga rungu la mwisho. Huyu alikuwa na wageni nyumbani, wakwe zake, na mnajua mtu akitembelewa na wakwe akili inavyomruka! Akambeba paa mabegani, akaipita njia panda bila kusimama. Wenzake sita wakamwita. Akageuka, akawaambia, "Njooni wote kwangu, mtakula mshibe." Wakamfuata.

Habari zikamfikia mjane. Binti yake alikuwa amejifungua siku tatu zilizopita, na maziwa hayatoki. Alihitaji supu. Yule mama akachukua bakuli, akaenda.

"Hodi, baba. Nimefuata fungu la wavu."

"Karibu, mama. Lakini hapa hakuna mawindo," akajibu yule bwana, na sufuria inatokota nyuma yake. "Hiki ni kitoweo cha wageni wangu."

"Kimekuwa kitoweo saa ngapi? Kiligawanywa na nani?"

"Aa, mama! Hilo ni jina tu. Utagombana na mimi kwa ajili ya jina?"

"Sigombei jina, baba. Nina mzazi ndani, hana maziwa." Akawageukia wale sita waliokaa mkekani. "Na ninyi, wanangu, mnasemaje?"

Mmoja akaomba apitishiwe chumvi.

Jamani! Kaulizwa haki ya mjane, kaomba chumvi!

Mnangoja niwaambie kwamba moto ulishuka kutoka mbinguni? Haukushuka. Mama alirudi na bakuli tupu, mzazi akanywa uji mtupu, na kitoto kikalia mpaka sauti ikakauka. Wakwe wakasifu mapishi.

Naona mnavyotikisa vichwa. Mmemkasirikia yule bwana, si ndiyo? Mimi nimemkasirikia kidogo tu. Mlafi anajulikana, na tamaa yake haijifichi. Hasira yangu ni kwa wale sita. Walikuwepo porini. Njia panda waliiona kwa macho yao. Wakanunuliwa kwa sahani ya nyama ambayo tayari ilikuwa haki yao! Kuna ujinga gani kuzidi huo?

Na wale sita ni sisi. Msinitazame hivyo. Tunakalia kila kitu kilichopatikana kwa mikono ya wengine, tunakiita baraka zangu, riziki yangu, na mwenyewe akija mlangoni tunatazama sahani. Niambieni, nani hapa hajawahi kuomba chumvi?

Geukeni mtazame dirisha lile la upande wa jikoni. Mnauona moshi? Wale ni mama zetu, wako kwenye mafiga tangu alfajiri, hata hili neno hawalisikii. Mwaka jana katika sikukuu hii hii wageni walikula pilau wakashiba, tukapiga makofi, tukasema kanisa limefanya karamu. Kanisa gani? Wapishi walikwangua ukoko, wamesimama nje. Nililiona hilo. Mimi mchungaji wenu nilikuwa meza kuu na paja la kuku mkononi, na sikusema neno. Mungu anisamehe.

Kwa hiyo leo chakula sikibariki. Sikibariki mpaka wao wawe wamekaa, tena viti hivi vya mbele, na wamepakuliwa wa kwanza. Wazee wa kanisa, simameni mkawaite. Ndiyo, sasa hivi, na ninyi ndio mtakaopakua. Mwambieni Mama Herieth aweke upawa chini, aje. Sisi wengine tutangoja.