Nyaya za Kiroboto

Waya usioujua mwisho, usiukate mwanzo.

Mliisikia jana kikaoni, pale mliposimama kutaka ile njia ya nyuma ya makaburi izibwe. Mkamwona Mzee Mntambo anapitisha kidole mkononi mwake, toka begani mpaka kwenye kiganja, nanyi mkaangaliana mkacheka. Mlidhani mzee anawashwa. Hawashwi. Methali hii haisemwi bila mkono, na anayeisema mikono ikiwa mfukoni hakufundishwa. Haya, mmeuliza ilikotoka, kaeni niwaambie. Ila msinikalie karibu na mguu huu, leo umeamka vibaya. Na nitaisimulia mara moja tu, sina pumzi ya kurudia.

Methali hii ilianzia Muheza, uani kwa Bi Kidawa, palipokuwa na kigari kilichofunikwa turubai.

Kigari chenyewe kilikuwa cha Mhina, mwanawe wa mwisho. Kilikuwa kifupi, milango miwili ya mbele na mmoja wa nyuma unaofunuliwa juu, tena cha zamani hata rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Mhina alikipenda kuliko chakula. Alipokuwa kijana alikishusha kikakaribia kulalia tumbo, akakivisha rimu pana, akakifungia spika milangoni, taa za buluu chini na taa nyekundu ndani, na kwenye kioo cha nyuma akakiandika jina: Kiroboto. Alipooa alikiinua tena kidogo ili kipite njia za mashambani, lakini taa hakuzitoa, bali aliziongeza. Watu wakamteta. Mtu mzima, wakasema, ana mke ndani, bado anachezea taa kama ukumbi wa harusi. Akiulizwa taa zote hizo za nini, Mhina alikuwa akijibu kwamba ni mbwembwe tu, kisha anaendelea kufuta kioo chake.

Mkewe aliitwa Mwanahawa. Homa ya utotoni ilimwachia uhai ikamchukulia masikio. Alikuwa hasikii hata radi. Lakini huyo huyo ndiye aliyekuwa akimwendesha Kiroboto, akitoa machungwa shambani na kuyafikisha barabara kuu, na hakuwahi kugonga hata kuku. Watu walishangaa asiyesikia anaendeshaje, kisha wakajijibu wenyewe kwamba ana macho makali na vioo vitatu. Mtu akishajijibu, haulizi tena.

Mhina akaugua ini, akakonda, akafa. Mwanahawa akaingia eda.

Ndugu zake walikuja mazikoni kutoka Handeni, na kabla hawajaondoka walisema waziwazi, bila ukali, kwamba eda ikiisha watakuja kumchukua dada yao. Hakujaliwa mtoto, hasikii, na nyumba imebaki na kikongwe. Atakula nini? Mwanahawa aliposomewa kwa mikono yale yaliyosemwa, alitikisa kichwa akaenda kuketi miguuni pa Bi Kidawa, akamshika goti kama mtu anayeshika nguzo. Mkwe na mkwe wale walikuwa wamezoeana, wamejitungia lugha yao ya mikono huko jikoni, na hakuna aliyetaka kuachana na mwenzake. Pakajadiliwa, mwisho kaka mkubwa, Mgaza, akakubali jambo moja. Siku ya kutoka eda, kama Mwanahawa ataweza kuendesha gari lake na kuendelea na machungwa yake mwenyewe, atabaki. Kama hawezi, watakwenda naye.

Kwa hiyo kukaa kwake Mwanahawa kuliegemea kwa Kiroboto, na Kiroboto mwenyewe alikuwa maiti. Muda wote wa ugonjwa alisimama mvuani. Panya walikuwa wamezila nyaya na kuku wametagia kwenye viti.

"Nitamfufua," akasema Singano.

Singano alikuwa kaka wa marehemu, fundi katika karakana ya kiwanda cha mkonge. Alilisema neno lile pembeni ya kaburi bichi, na mtu pale husema mengi, lakini yeye alilishika. Kila siku alitoka kiwandani vumbi la mkonge limemkaa kooni, akaswali alasiri, akapiga magoti kwa Kiroboto mpaka magharibi. Alimwosha, akamshusha injini, akabadilisha hiki, akasugua kile. Injini haikumsumbua sana. Kilichomtoa roho ni nyaya.

Alipofungua chini ya usukani zilimwangukia mapajani kama utumbo wa mbuzi. Nyaya zilizokuja na gari na nyaya alizoziongeza Mhina zilikuwa zimefungwa pamoja kwa tepu nyeusi, fungu moja nene kama mkono. Na Mhina, Mungu amrehemu, hakujali rangi. Alipopata waya mwekundu alifungia spika, alifungia taa, alifungia kila kitu. Mwanzoni Singano alizifuata moja moja, taratibu, kama fundi anavyopaswa. Huu ukaishia kwenye spika. Huu kwenye taa ya buluu. Huu panya kaukata katikati, tafuta upande wa pili. Mgongo ukamuuma, macho yakamwasha, usiku akawa anaota nyaya.

Kisha siku moja, alipokwisha kuunganisha sehemu kubwa, alifunga betri na moshi ukafuka. Fyuzi iliungua, harufu ya plastiki ikajaa uani, na kazi ya wiki nzima ikawa kaa. Singano aliketi juu ya kreti la machungwa lililopinduliwa. Hakutukana. Alikuwa amechoka mpaka amechoka kuchoka, na eda ilibaki siku za kuhesabika.

Ndipo akakata shauri. Kila waya ambao haukuja na gari, nje. Mhina amekufa na mbwembwe zake zimekufa naye. Tunataka gari liwake, hatutaki harusi. Akachukua koleo.

Sasa mtaniuliza, kwa nini hakuuliza? Aliyezijua nyaya zile alikuwa palepale, hatua chache, nyuma ya dirisha. Mwanahawa ndiye aliyemshikia Mhina tochi siku zote alizokuwa akizipitisha. Lakini mwanamke yumo edani, na kwa mila ya nyumba ile shemeji hakutani na mjane wa nduguye mpaka eda iishe, maana huyo huyo kesho anaweza kumwoa. Na hata pasingekuwa na eda, Singano hakuijua lugha yake. Miaka yote ile alimsalimu kwa kuinua kiganja, na likiwapo la zaidi alimwambia mama amfikishie. Hakuwa na ubaya. Aliona inatosha.

Basi akakata. Alipofikia waya mmoja uliopita chini ya zulia, ukaenda mpaka kwenye bampa la nyuma ulikofungwa kidude kidogo kwenye mpira, dirisha likaanza kugongwa. Lilipigwa kwa kiganja kizima, pa, pa, pa. Singano akainua kichwa, kisha akakiinamisha haraka kwa adabu, asije akamwona mjane. Ndani, wanawake waliokuwa wakimkalia Mwanahawa wakamshika mikono, wakamwambia asubiri, subira ina malipo yake, wakisahau kwamba hasikii. Bi Kidawa akaona mkwewe anateseka kwa kuona gari la mumewe linachambuliwa kama kuku. Akamwonea huruma, akafunga dirisha, na mikono ya Mwanahawa ilipojaribu kueleza, lugha yao ya jikoni haikuwa na neno la waya.

Singano akakata.

Siku ya kutoka eda ilifika na Kiroboto amefika nayo. Amepakwa rangi nyeupe, ndani safi, nyaya zimelala mstari mmoja. Alipozungusha ufunguo injini ilinguruma mara moja, na Singano, ambaye tangu msibani hakuwa amecheka, alicheka. Mwanahawa alikoshwa, akavaa nguo mpya, dua ikasomwa, pilau likaliwa. Mgaza na nduguze walikuwa wamekaa barazani wakingoja makubaliano.

Mwanahawa akatoka. Alipoliona gari machozi yalimtoka, akamwinamia Singano kwa shukrani. Kisha akaingia, akashika usukani, na uso wake ukabadilika. Aliangalia mahali fulani kwenye dashibodi, akapapasa. Palikuwa na kitundu kilichozibwa kwa tepu nyeusi. Akamtazama Bi Kidawa, akawatazama kaka zake, akatia gia. Nadhani alijiambia atajaribu hivyohivyo. Angefanya nini, na watu wote wametoka nje kumtazama?

Hakufika mbali. Barabara ya pale ni nyembamba, na lori la machungwa lilikuja nyuma yake limejaa, limo mteremkoni. Likapiga honi. Likapiga tena, likaishikilia. Mji mzima ulisikia isipokuwa yeye. Lori lilipita ubavuni likamng'oa kioo cha pembeni, likaingia mtaroni, machungwa yakamwagika mpaka kwenye baraza za watu. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Lakini Mgaza alikuwa ameona.

Mwanahawa alimgeuza Kiroboto polepole, akamrudisha mpaka mbele ya nyumba, akazima. Akamwita Singano kwa mkono, maana sasa ilikuwa halali. Akamwonyesha kile kitundu, akabonyeza honi, akajigusa macho.

"Anasema nini, Mama?"

Bi Kidawa akakitazama kitundu. "Anasema hapo palikuwa na taa nyekundu. Honi ikilia nyuma, taa inawaka. Mhina alimtengenezea asikie kwa macho."

"Mhina alisema ni mbwembwe."

"Ulitaka aseme nini? Watu wangejua anasikia kwa taa, nani angemwacha aendeshe?"

"Na yeye mbona hakutuambia?"

Hilo Mwanahawa alilisoma usoni pake. Akainua kiganja akaupiga mlango wa gari, pa, pa, pa. Mlio ule Singano na mama yake waliutambua. Bi Kidawa akatafuta pa kukaa, akakaa chini palepale na nguo zake za sherehe.

"Mimi ndiye niliyefunga dirisha," akasema.

Mwanahawa hakumkasirikia. Alijigusa begani, akashusha kidole mkononi taratibu, akapita kwenye kiwiko, akafika kwenye kiganja, akakifungua mbele ya Singano kama anayemwonyesha kilichomo. Kisha akarudi begani, akafanya vidole viwili kuwa mkasi, akatikisa kichwa. Alifanya hivyo mara mbili ili Singano aelewe. Safari hii alielewa bila kusomewa.

Mgaza akaja akasimama karibu nao. "Shemeji Singano, hatuna ugomvi nawe. Umehangaika, tumeona. Lakini makubaliano ni makubaliano."

Jioni ile Mwanahawa aliondoka na kitita chake cha kanga.

Kesho yake Singano aliingia kwenye shimo la taka nyuma ya jiko. Alifukua maganda ya ndizi na majivu, akazitoa zile nyaya vipande vipande, na chini kabisa akakikuta kile kidude cha kwenye bampa, maiki ndogo ya kunasa sauti. Akaanza upya. Safari hii hakuwa na eda ya kumkimbiza, wala hakuwa na hamu. Kila waya alishika ncha yake akaufuata mpaka mwisho, akishaujua ndipo anashika mwingine, na mvua za vuli zikaja zikaisha yeye yuko chini ya turubai. Siku ya kujaribu, Bi Kidawa alisimama nyuma ya gari akapiga sufuria kwa mwiko. Ndani, kwenye kitundu, taa nyekundu ikawaka.

Singano akamwendesha Kiroboto mpaka Handeni. Mwanahawa akaingia, Mgaza akapiga honi ya pikipiki kwa nyuma, taa ikammulika uso. Aliifuta kwa pindo la kanga ingawa haikuwa na vumbi. Akalia, akaendesha mpaka mwisho wa mtaa akarudi, na watoto wa kaka zake wakimkimbilia. Singano akaufungua mlango wa nyuma, akangoja aweke kitita chake.

Hakukiweka. Alikuwa na kibanda cha mahindi sasa, na watoto wale wameshajifunza kusema naye kwa mikono, wote, hata yule mdogo kabisa. Muheza ilikuwa ni Bi Kidawa peke yake aliyeijua lugha yake. Mwanahawa alionyesha ardhi aliyosimama, kisha akaweka mkono moyoni, akaupeleka upande wa Muheza, salamu za mkwewe. Singano alimwinulia kiganja kwa mazoea, akaona aibu, akakishusha. Akamwachia ufunguo, akarudi kwa basi.

Bi Kidawa alikuwa amefagia chumba, ametandika, amepika cha watu watatu. Alikuwa ametega sikio mlio wa gari. Alichosikia ni miguu ya mtu mmoja. Singano alipoingia uani, mama alipitisha kidole tu toka begani mpaka kwenye kiganja, akakifungua. Hakikuwa na kitu. Ndipo akayasema kwa mdomo kwa mara ya kwanza yale aliyosema Mwanahawa kwa mkono, na kwa kuwa mji ni mdogo, yakaenea.

Basi, nimemaliza. Kesho kabla hamjapeleka miiba kuziba ile njia, ipiteni kwanza mpaka mwisho, mwone inamfikisha nani wapi. Halafu mje mnicheke.

Wewe, toa mkono mfukoni. Waya usioujua mwisho, usiukate mwanzo.