Spika ya Matimbwa

Tulia nikupe hii. Baunsa Matimbwa, kifua kama kabati, alimburuza Siwema muuza chipsi hadi kituo cha polisi, pamoja na spika aliyomkuta nayo. Spika hiyohiyo ndiyo Matimbwa aliyokuwa akimpigia Siwema kelele kibandani kwake kutwa nzima.

"Afande, andika unyang'anyi! Kanitolea kisu cha viazi, kachukua spika yangu. Akaozee jela!"

Kisu alikitoa kweli. Siwema, mwembamba kama ufagio, akatazama dirishani. Wasela wote wa gym anayofanyia mazoezi Matimbwa walikuwa wanachungulia.

"Afande, si mpaka mtu atishike ndio unaitwa unyang'anyi?"

"Ndiyo."

"Basi muulize kaka. Aliniogopa?"

Dirishani wakaangua kicheko. "Sema, baunsa! Ulitetemeka?"

Matimbwa jasho likamtoka. "Mimi nimuogope kijiti hiki? Thubutu!"

"Sasa spika ilikutokaje?" afande akauliza.

"Nilimpa tu! Nilimwonea huruma."

Afande akaweka kalamu chini. "Kama ulimpa, hata wizi hakuna. Nendeni."

Na wasela hao hawakuja hivihivi: njiani kuja kituoni, Siwema ndiye aliyelia makusudi kwa sauti mlangoni pa gym mpaka wakatoka wote, wakawafuata.

"Asante kwa zawadi, kaka," akasema. "Ila nzito, na mimi kijiti. Nibebee."

Wasela wakamkodolea macho baunsa. Matimbwa akainama, akajitwika spika.