Khanga ya Nakomolwa

Sogeeni karibu. Mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana mwishoni kila mtu atasema lake.

Upande wa Singida palikuwa na mjane, Nakomolwa, fundi wa kufuga kuku. Alikuwa na watoto watatu. Mkumbo, kifunguamimba, alijaliwa jicho: mnyama akianza kuugua, yeye alimjua kabla hajalala chini. Penina, wa katikati, alijaliwa mkono usiotetemeka. Shango, kitindamimba, alijaliwa kauli: akisema hapana, ni hapana.

Mama akaugua. Siku ya kukata roho alimshika Penina, akasema, "Mbegu ya kuku wangu isipotee. Atakayeiokoa, iwe yake." Penina aliitikia huku analia, bila hata kuelewa anaitikia nini.

Kwao, anayekuja kuhani huja na kuku hai, na kuku wa msiba hakataliwi. Wageni wakawafungua miguu kuku wao, wakawaachia uani pamoja na wa marehemu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mkumbo aliona tetea mmoja amejikunyata, mabawa yameshuka, anaharisha kijani. "Huyu ana mdondo," akasema mbele za watu. "Hauna dawa. Chanjo ni ya kuku mzima, si ya mgonjwa. Mtengeni." Kumbe tetea yule aliletwa na mama mkwe wake. "Kwa hiyo nimeleta kifo juu ya kifo?" mama yule akauliza. Aliondoka na binti yake, mke wa Mkumbo, na mpaka leo mke hajarudi.

Lakini ugonjwa ulikuwa umeshaenea; shingo zilianza kupinda uani. Majirani wakasema, "Tuwachinje tugawane, nyama ni nyama." Penina akakataa kata kata, maana hata manyoya yangepeleka mdondo kila nyumba. Aliwaua mwenyewe, akawachoma, akawafukia kwenye shimo refu. Jogoo mwekundu, aliyezoea kulala mlangoni kwa mama, hakukimbizwa. Alijikokota akamjia, kwa kuwa Penina alikuwa amejifunga khanga ya marehemu. Penina alimshika. Moyo ulimpasuka, lakini alimaliza kazi. Tangu siku ile mkono wake unatetemeka hata akimimina chai.

Akabaki tetea mmoja wa madoadoa, aliyekuwa analalia mayai chini ya kitanda cha mama, mbali na wenzake. Shango akasimama langoni. Kuku haingii, kuku hatoki, na mtu aliyetoka kwenye kuku wengine hapiti. Akaja mama mdogo kutoka mbali, kuku kwapani.

"Shango baba, nimekubeba mgongoni. Niache nikalie kitandani kwa dada yangu."

"Lia hapa hapa, mama mdogo. Ulikotoka kuku wanakufa."

Alilia barabarani, akarudi na kuku wake. Amekufa hawajasemezana.

Mdondo ukapita. Mayai mengi yalipoa katika vurugu zile, kikaanguliwa kifaranga kimoja tu. Ndugu watatu wakakaa kitako.

"Nisingeona, msingejua," alisema Mkumbo. "Na nyumbani kwangu nalala peke yangu."

"Nisingezuia, mdondo ungerudi upya," alisema Shango. "Na mama mdogo amekwenda na kinyongo chake."

Penina aliinyoosha tu mikono yake mbele yao. Wakaiona inavyotetemeka.

Kumtenga tetea na kifaranga chake haiwezekani. Kitakufa kwa baridi. Kuzunguka naye nyumba hadi nyumba nako ni kuutafuta mdondo tena. Lazima apate mwenyewe mmoja. Naye tetea, kila akiiona khanga ile, humkimbilia Penina, kifaranga chake nyuma. Penina humkimbia.

Haya, nimemaliza yangu. Mmoja aliona, mmoja aliua, mmoja alizuia, na wote wamefilisika moyo. Mbegu ya Nakomolwa ni ya nani? Ukimpa mmoja, wale wawili utawaambia nini? Wewe hapo, anza: ungeamuaje?