Mwiko Mmoja wa Mama Nungunungu

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Chungu motoni!"

"Na ndani?"

"Maharage!"

"Na mlaji?"

"Kibogoyo!"

Haya, sogeeni. Wewe unayecheka kibogoyo, mimi mwenyewe nimebakiza meno mawili, kwa hiyo angalia sana.

Hapo zamani za kale alikuwako Nungunungu mmoja, jina lake Sikudhani. Bibi yake alikuwa kibogoyo, na chakula chake kilikuwa kimoja tu: maharage laini, yaliyopikwa na mama yake Sikudhani.

Mama akaugua. Siku ya kufa akanong'ona, "Mwanangu, maharage ya bibi yako... siri ni mwiko mmoja." Akakata roho.

Sikudhani akalia, kisha akapika. Maharage yakachemka asubuhi, yakachemka mchana, yakachemka jioni. Kokoto! Bibi akayamung'unya, akayatema. Siku ya tatu hata kusimama hawezi.

Akaja Kima, jirani, mjuzi wa yote. "Mwiko mmoja? Mwiko si mwiko, bibie! Kuna jambo mama yako alijikataza akipika. Usiseme!"

Sikudhani akapika hasemi. Kokoto.

"Basi usicheke!"

Akapika hacheki. Na nani angecheka? Kokoto.

"Basi usigeuke nyuma!"

Akapika hageuki, mpaka cheche ikamrukia, miiba ya mgongoni ikashika moto. Kokoto.

"Huna imani," akasema Kima, akaenda zake.

Sikudhani akakaa jikoni akalia. "Mama, mwiko gani?" Alipoinua macho akauona ukutani mwiko wa mama, ule wa kukorogea. Mpini mweusi, kichwa cheupe kwa majivu. He! Mwiko wa chakula umefuata nini majivuni?

"Huenda ni huu," akasema. "Huenda. Sijui. Tukiulize chungu."

Akateleka vyungu viwili. Maharage ya kikapu kimoja, maji ya kisima kimoja, kuni za mti mmoja. Akaloweka mwiko mmoja wa majivu ya maganda ya maharage, yale mama aliyozoea kuyachoma jikoni, akachuja, maji yake akayatia chungu cha kulia. Cha kushoto hakutia kitu. Kisha akasema, akacheka, akageuka nyuma apendavyo.

Jua utosini, cha kushoto kokoto. Cha kulia yakapondeka kwa ulimi! Bibi akala mpaka akalamba kidevu.

"Tumejua, mjukuu wangu!"

"Bado, Bibi. Huenda ni chungu chenyewe. Tukiulize."

Kesho yake akatia majivu cha kushoto. Cha kushoto yakalainika, cha kulia kokoto.

"Sasa tumejua!"

"Bado, Bibi. Kwa nini mmoja? Tukiulize."

Kesho kutwa akatia miiko mitatu. Yakalainika, lakini lo, machungu kama shubiri! Bibi akatema, akatukana kidogo. Sikudhani akacheka: kumbe mama alisema mmoja, akamaanisha mmoja.

Kima akaja na pua yake. "Aa, huo ni mkono wako tu. Una mkono wa mama yako."

"Usiniamini, jirani. Chukua majivu, kapike kwako."

Kima akapika huku akipiga soga. Akarudi ameshiba.

Lakini Bibi akainama, machozi yakamtoka. "Miaka yote nilidhani ni mapenzi ya mama yako yanayolainisha. Kumbe ni majivu!"

Sikudhani akamshika mkono. "Bibi, mama naye alianza hajui. Unadhani aliviuliza vyungu vingapi, akaunguza vingapi, mpaka akaupata huo mwiko mmoja, ili wewe usilale na njaa?"

Bibi akafuta machozi. Kisha akasema, "Nipakulie tena."

Basi, wanangu: asiyejua na akiulize chungu. Abadili kimoja, vingine aviache, na akishajua ampe jirani naye apike.

Hadithi yangu imeiva. Ikiwa laini, tumeila sote. Ikiwa ngumu, nilaumuni mimi mpishi. Na aliyekula maharage, tafadhali, akae karibu na mlango.