Ng'ombe Wasio na Mwenyewe

Magembe, tajiri wa mifugo wa Mwandoshi, hakuwahi kusubirishwa na mtu, wala hakuona kwa nini ugonjwa wa miguu na midomo uwe wa kwanza. Aliwaswaga ng'ombe wake arobaini kuelekea mnadani, udenda ukiwachuruzika, mpaka kwenye kamba ya kizuizi. Mlinzi alikuwa mjane Kabula, ambaye ng'ombe wake wawili, wazima bado, walikuwa wakila majani ng'ambo ya kamba hiyo.

"Fungua, mama, ama kesho kazi hii atapewa mwingine."

"Nitafungua, baba. Tatizo ni amri: ng'ombe wa Bwana Magembe wasipite. Lakini kama hawa si wako, mimi nitawazuia kwa lipi? Andika tu hapa."

Magembe alicheka hadi akashika tumbo. Kumbe serikali iliajiri mlinzi mwenye akili kiasi hiki! Mbele ya wachungaji na wapita njia akaandika kwamba ng'ombe wale si wake, akatia sahihi yenye mikia mitatu.

Kabula akaikunja karatasi, akaifutika kibindoni. "Ahsante, baba. Ng'ombe wasio na mwenyewe ni mali ya serikali. Wachungaji, waingizeni zizi la karantini, lile pale."

"Ni wangu!"

"Wa Bwana Magembe? Basi hao ndio waliozuiwa."

Tajiri akaomba karatasi ichanwe. Kabula aliichana kwa heshima zote, baada ya mkia wa ng'ombe wa mwisho kupotea kwenye njia ya kurudi Mwandoshi.