Sweta Iliyokunja Uso

"Nyoosha mikono, Tumpe, usiilegeze," alisema Shangazi Batseba, huku akiuvuta uzi kutoka kwenye viganja vya binti huyo na kuuzungusha kuwa donge. Donge lilikuwa limefikia ukubwa wa chungwa. Pembeni, juu ya mkeka, Sabela alikuwa amenuna. Juzi aliazima kitenge kipya cha Tumpe bila ruhusa, akakiunguza kwa pasi. Jana asubuhi aliomba radhi, na mpaka saa hiyo Tumpe alikuwa hajamsemesha.

"Nimeomba radhi mara tatu, Shangazi. Anataka nitandikwe chini kama huu mkeka?"

Shangazi hakuinua macho. "Uzi uliofumuliwa haunyooki kwa siku moja," alisema.

"Huo msemo kila mtu hapa anao mdomoni," Sabela alisema, "lakini hakuna aliyewahi kutuambia ulikotoka." Hata Tumpe, aliyekuwa kimya, akageuza shingo.

"Ulitoka kwenye nyumba ya mtu, na siku ulipotoka watu walipigwa na butwaa. Tumpe, mikono. Sikilizeni ulivyozaliwa."

Kabla umeme haujapanda huku juu Ukinga, aliishi mama mmoja aliyeitwa Velina Luvanda, Mama Fides. Mnaijua baridi yetu ya Juni, jinsi umande unavyoganda juu ya majani ya viazi hata ukikanyaga yanalia. Kwa hiyo huku sweta si pambo. Lakini Velina hakufuma kwa sababu ya baridi tu. Alipenda kufuma kuliko chakula. Hakufundishwa na mtu. Sindano zake za kwanza zilikuwa spoku mbili za baiskeli alizozinoa kwenye jiwe, na sweta yake ya kwanza ilitoka mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Mumewe, Nasoni, aliivaa hivyohivyo mpaka kanisani, mkono wa kulia ameukunja kama mtu anayetaka kuosha vyombo.

Velina alifuma akienda shambani, akafuma akisubiri maharage yaive. Siku moja maharage yaliungua mpaka chungu kikapasuka, yeye yuko kwenye kola na hajasikia harufu. Siku nyingine jogoo alinasa donge lake mguuni akazunguka nalo nyumba mara tatu. Majirani walicheka, na yeye akacheka kuwashinda.

Uzi mpya ulikuwa adimu. Basi Velina alikuwa akinunua masweta ya mitumba gulioni, akayafumua na kufuma upya. Alikata mshono wa ubavuni, akatafuta ncha ya uzi shingoni, kisha akavuta. Krrrr! Aliipenda sauti ile, na mstari baada ya mstari ukimfuata mkononi. Lakini uzi uliofumuliwa hutoka umejikunja, kama nywele zilizokaa kwenye msuko wiki mbili. Ukiufuma hivyo unakutia aibu. Lazima uoshwe, utundikwe, ufungiwe jiwe chini, na usubiriwe. Velina alilijua hilo kama anavyolijua jina lake.

Jirani yake alikuwa Otilia Chaula, Mama Beno, rafiki yake tangu usichana. Mwaka mmoja, mwezi wa tatu, Otilia alifiwa na mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi ng'ambo ya bonde. Katika vitu vichache alivyoachiwa, kimoja kilikuwa sweta ya kahawia ambayo marehemu aliivaa miaka yote. Otilia aliiweka sandukuni, haivai, haionyeshi. Siku ya kusimika msalaba kaburini ilipopangwa, yaani Jumapili, ndipo alipoitoa. Alitaka asimame mbele ya kaburi la mama akiwa ndani ya sweta ya mama. Akakuta nondo wamekula kiwiko.

Jumanne akaipeleka kwa Velina izibwe. Velina alikuwa shambani kuchimba viazi, na manyunyu yalikuwa yameanza. Kibarazani palikuwa na tenga. Huku kwetu kitu ukikiweka kwenye tenga la mtu, ni kama umekiweka mkononi mwake. Otilia akaiweka sweta humo, akarudi nyumbani bila wasiwasi.

Sasa, tenga lile ndilo lililokuwa na mitumba.

Jumatano asubuhi Velina alimwaga tenga chini apange kazi yake. Alikuwa amenunua masweta matatu. Akahesabu manne. Akaishika ile ya kahawia, akajiuliza, "Hii niliinunua lini?" Moyo ulitaka kumwambia kitu. Lakini vidole vilikuwa vimeshaugusa uzi, na uzi wenyewe ulikuwa laini, mzito, wa sufu ya kondoo iliyosokotwa kwa mkono, ambao mfumaji huupata mara moja katika maisha yake. "Labda muuzaji alinizidishia," akasema kwa sauti, ingawa alikuwa peke yake.

Tusiharakishe kumlaumu. Nani kati yetu hajawahi kuokota tunda njiani akala kwanza, akauliza baadaye?

Akakata vifungo akaviweka kwenye kisosi. Akakata mshono. Akavuta. Kufikia adhuhuri hapakuwa na sweta tena, palikuwa na madonge manne ya kahawia yamepangwa juu ya kigoda, naye Velina anayatazama kama mtu aliyejifungua salama.

Alasiri Otilia akaja.

"Hodi hapa!"

"Karibu, Mama Beno! Kamwene! Ingia upesi uone maajabu."

"Kamwene. Maajabu gani tena, au jogoo wako amejifunza kufuma?"

"Cheka tu. Shika huu uzi. Uweke shavuni."

Otilia akauweka shavuni, akafumba macho. "Huu si wa dukani, Mama Fides. Huu umesokotwa na mtu mwenye subira. Umeupata wapi?"

"Gulioni, mwenzangu. Kwenye mitumba!"

"Una mkono wa bahati wewe, sijui uliogea nini." Akacheka, donge bado lipo shavuni. "Haya, mimi nimekuja kuiulizia sweta yangu. Kiwiko umeshakigusa?"

"Sweta gani?"

"Ile niliyokuwekea jana kwenye tenga. Ya marehemu—"

Hakumaliza. Macho yake yalikuwa yamefika kwenye kisosi. Vifungo vitano, vinne vyeusi na kimoja chekundu.

Donge likamtoka mkononi, likaviringika mpaka chini ya kigoda likaacha uzi mrefu sakafuni. Velina aliufuata ule uzi kwa macho, kisha akamtazama Otilia, kisha kisosi. Nje mbuzi alilia, na hakuna kati yao aliyemsikia.

"Hiki chekundu," Otilia alisema kwa sauti ndogo sana, "nilikishona mimi. Nilikuwa na miaka tisa, cheusi kilipotea. Mama alisema hakitatoka pale mpaka afe."

"Mama Beno... sikujua. Haki ya Mungu sikujua ni yako."

"Hukujua. Na hukuuliza?"

Hapo Velina angeweza kudanganya, na nadhani angeaminiwa. Lakini alijibu, "Nilihesabu. Zilizidi moja. Nikaona uzi ulivyo mzuri, sikuuliza."

Otilia alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na mkono anaoujua. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alijifunga khanga yake vizuri, akatoka, akauacha mlango wazi.

Velina alibaki ameshika kichwa. Halafu akajiambia, kama watu wengi tunavyojiambia tukishakosea: nitaitengeneza upesi, yaishe. Kutoka Jumatano mpaka Jumapili kulikuwa na siku tatu kamili. Hakwenda shamba, hakupika. Nasoni aliporudi akamkuta tayari ameshafuma kipande cha mgongo cha upana wa vidole vinne, kwa uzi uleule, umejikunja vilevile.

"Mama Fides," alisema kwa upole, "uzi huo hujauosha."

"Nauosha saa ngapi? Jumapili ndiyo hiyo."

"Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba—"

"Baba Fides, niache!"

Nasoni akamwacha. Akaenda kuwasha moto, akapika ugali yeye.

Velina akafuma mpaka vidole vikavimba. Jumamosi asubuhi akashona kifungo cha mwisho, kile chekundu, akaitandika sweta kitandani. Kwa mbali ilipendeza. Ilikuwa na vimatuta hapa na pale, basi akainyunyizia maji akapitisha pasi ya mkaa. Hapo ndipo aliposhtuka mara ya pili. Uzi ulipopata maji na joto ulianza kujifungua, na sweta ikatikisika mbele ya macho yake kama kitu chenye roho. Ubavu mmoja ukashuka. Kola ikajikunja mpaka begani. Mkono wa kushoto ukarefuka, wa kulia ukabaki, na kifuani kukatoka makunyanzi ambayo pasi haikuweza kuyalaza. Velina akaitupa pasi chini. "Nini hiki?" akasema. "Nini hiki nimefanya?"

Hata hivyo akaikunja, akaipeleka. Angepeleka nini kingine?

Nyumbani kwa Otilia ndugu walikuwa wameshajaa, wanachambua mboga kwa ajili ya kesho. Otilia akaipokea, akaivaa palepale. Mama mdogo wa Otilia, aliyekuwa na kisu mkononi, akaziba mdomo kwa mkono mwingine. "Mama yangu wee," akanong'ona. "Sweta ya dada imefanywa nini?"

Otilia alijitazama kifuani kwa muda. Akapapasa makunyanzi yale.

"Sweta ya mama ilikuwa inakumbatia," alisema. "Hii imekunja uso."

"Nisamehe, Mama Beno. Sikupumzika siku tatu."

"Nimeona. Umefuma haraka ili nisikasirike." Akaivua, akaikunja vizuri kuliko ilivyostahili, akamrudishia. "Lakini mimi bado nimekasirika. Nitakwenda na kitenge."

Na alikwenda na kitenge. Jumapili ile ilikuwa na upepo. Msalaba ulisimikwa, watu wakaimba, na Velina alisimama nyuma kabisa ya wengine, akiona mabega ya rafiki yake yanavyotetemeka, asijue kama ni baridi au ni kilio. Siku yenyewe ilikuwa imepita, na hakuna sindano ambayo ingeirudisha. Hilo lilimshtua kuliko yote.

Siku tatu baadaye, mchana, Otilia alitokea mlangoni kwa Velina. Hakutania. Alivuta kigoda akaketi.

"Ilete," alisema.

Velina akaileta. Wakaifumua pamoja. Otilia alivuta, Velina akazungusha uzi kwenye miguu ya kigoda kingine walichokipindua. Krrrr, krrrr. Safari hii sauti ile haikumfurahisha Velina hata kidogo. Wakauosha kwa maji ya uvuguvugu, wakaukamua taratibu, wakautundika kwenye ufito chini ya paa la kibaraza, na chini yake wakafunga jiwe. Walifanya yote hayo karibu bila maneno. Maji yakawa yanadondoka, tone moja, tone lingine.

Mwishowe Velina hakuweza kuvumilia. "Mama Beno. Mimi na wewe, basi, yameisha?"

Otilia aliutazama uzi muda mrefu.

"Unauona?" alisema. "Umeoshwa. Umetundikwa. Jiwe limefungwa. Yote yanayotakiwa umefanyiwa, na bado umejikunja. Utaupiga? Utaugombeza?"

"Hapana."

"Uzi uliofumuliwa haunyooki kwa siku moja, Mama Fides. Wewe ndiye uliyetufundisha hayo kijiji kizima. Basi na mimi usiniulize leo."

"Nikuulize kesho?"

"Usiniulize. Kesho nitapita kuutazama."

Kesho yake akapita, akaushika kwa vidole viwili, akasema, "Bado," akaenda zake. Velina akamwita anywe chai, hakugeuka. Siku ya pili akasema tena, "Bado," lakini aliketi akanywa nusu kikombe. Siku ya tatu mvua ilinyesha, hakuja, na Velina alikaa kibarazani kutwa nzima bila kufuma chochote. Majirani waliopita waliogopa kumwona mikono yake haina kazi, kwa maana hawakuwahi kuiona hivyo. Wakauliza, wakaambiwa, wakaenda na neno lile la Otilia majumbani kwao.

Siku ya nne Otilia alikuja mapema. Akaupapasa uzi kutoka juu mpaka chini. Mawimbi yalikuwa yamepungua lakini yalikuwepo. Akainama, akafungua lile jiwe, akaenda uani mwenyewe akarudi na kubwa zaidi, akalifunga. Velina alitaka kumsaidia, akajizuia.

"Uliweka jiwe dogo," Otilia alisema.

"Niliogopa lisikate uzi."

"Halikati." Akajipangusa mikono kwenye khanga. "Kesho."

Shangazi Batseba akavuta uzi mwingine kutoka mikononi mwa Tumpe.

"Ulinyooka siku ya ngapi?" Sabela aliuliza.

"Hilo sikuambiwa. Mama aliyenisimulia aliishia pale, uzi umetundikwa, jiwe linaning'inia, na mmoja amesema kesho. Nami nilipokuwa na umri wenu niliona hajamaliza hadithi. Siku hizi naona alimaliza. Ukisikia mtu amekosa, ametubu, ametengeneza, halafu anashangaa kwa nini aliyekosewa bado ana makunyanzi moyoni, usimlaumu yeyote kati yao. Waambie waache jiwe pale lilipo, wapitie tena kesho. Uzi uliofumuliwa haunyooki kwa siku moja."