Kitovu cha Kalunde

Wekeni kalamu chini. Nimeziona nyuso zenu. Tangu nianze kuchora DNA ubaoni, nusu yenu mmeshafika nyumbani kimawazo, na waliobaki wanaangalia saa. Basi ubao na upumzike kidogo, nami niwape kisa. Kina swali mwishoni, na nawaonya mapema kwamba jibu lake sina. Kila nilipokisimulia, watu waliondoka wamenuniana.

Walikuwako wanawake watatu wa familia moja, upande wa Tabora, kila mmoja na kipaji chake. Nyamizi, mkubwa wao, alijua kutunza. Kitu alichokiweka Nyamizi hakikuoza wala hakikuguswa na mchwa, na wenye harusi walimpelekea nguo zao awawekee. Wa pili, Limi, alikuwa na jicho. Akikuona mara moja sokoni angekutambua baada ya miaka, hata ukinenepa, hata ukifuga ndevu. Wa tatu, Minza, alikuwa na subira ya kusoma mambo yasiyoonekana, na maabara moja ya vinasaba ilimwajiri kwa kazi hiyohiyo. Watatu hawa walikuwa na jeraha moja, nalo lilikuwa mtoto aliyeitwa Kalunde.

Mama yake Kalunde alikuwa mdogo wake Nyamizi, tumbo moja. Aliuza asali kwenye kituo kidogo cha reli, akiwapitishia abiria chupa madirishani. Siku moja treni mbili zilipishana pale, moja ikienda mashariki, nyingine ikienda Kigoma. Kalunde alikuwa mdogo, hajui hata kutaja jina la baba yake. Aliyemshika mkono alikuwa Minza, binti wa shangazi yake, aliyelelewa nyumbani humo, naye alikuwa bado mtoto. Abiria mmoja akawa anarudisha chupa, chupa ikamponyoka, Minza akauachia ule mkono ili aidake. Aliidaka. Alipogeuka, Kalunde hayupo, na treni zote mbili zimeshaanza kuondoka.

Mtu mmoja akaapa kwamba amemwona mtoto kwenye behewa la treni ya mashariki. Wote wakakimbilia mashariki. Walitafuta mpaka nauli ikawaishia na nguvu zikawaishia. Upande wa Kigoma waliulizia mara moja tu, wakaacha, kwa sababu yule mtu alikuwa ameapa.

Baba alifariki mapema. Mama aliishi miaka mingi zaidi, na kila treni ilipopiga honi alitoka nje, hata siku ambazo hakuwa na asali ya kuuza. Kabla baba hajafariki alikuwa amemzaa Limi, akampenda. Lakini mpaka anaingia kaburini watu walimwita Mama Kalunde.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kila mmoja ana sehemu yake.

Sehemu ya Nyamizi ni hii. Kalunde alipozaliwa, Nyamizi ndiye aliyekuja kumkanda mdogo wake, na kitovu kilipokauka na kudondoka ndiye aliyekiokota. Kwao kitovu huzikwa nyumbani kwa wazazi. Nyumba ya wazazi ilikuwa bado inajengwa, wakakubaliana kisubiri paa. Paa lilipoezekwa, mtoto ameshapotea. Wazee wakasema kizikwe hivyohivyo, mambo yaishe.

Nyamizi akakataa. "Nikikizika leo nitakuwa nimemzika yeye," akasema. "Akirudi atakizika mwenyewe."

Wakasema mama wa watu amechanganyikiwa. Naye hakujaliwa mtoto wa kumzaa, kwa hiyo walikuwa na mengi ya kusema. Akakifunga kwenye kipande cha kanga, akakiweka sandukuni, mahali pakavu. Kila Ijumaa alikitoa, akakishika kiganjani, akakibusu na kukipa habari za nyumbani: nani ameolewa, mahindi yamekubali au yamekataa, mama yako anaumwa miguu. Alipomzika mdogo wake, alirudi nyumbani akakiambia na hilo.

Sehemu ya Limi ni hii. Mama yao alikuwa na kitundu kidogo mbele ya sikio la kushoto, pale sikio linapokutana na shavu, utadhani pamechomwa sindano. Limi anacho. Kalunde naye alikuwa nacho. Tulisema nini juzi kuhusu alama za namna hii? Mzazi mmoja akiwa nayo, mtoto anaweza kuirithi na anaweza asiirithi. Limi aliirithi, akaifanya kazi. Alikuwa akichuuza vitenge kando ya reli, na kila alikofika aliangalia masikio ya wanawake. Wenzake walimcheka, wakampa jina la Limi Masikio. Yeye alicheka nao, kisha akaendelea kuangalia.

Siku aliyokwenda Kigoma kufuata vitenge, joto lilikuwa kali. Mwanamke mmoja mjamzito aliyeketi karibu naye dukani akavua kilemba ili ajipepee. Limi akaona sikio.

"Shoga, samahani. Hicho kitundu ulitobolewa?"

"Nimezaliwa nacho," mwanamke akajibu.

"Na mama yako anacho?"

Mwanamke akakunja kilemba chake taratibu. "Mama yangu hana. Mimi ni mtoto wa kuokotwa."

Jina lake lilikuwa Riziki. Bi Mwavita, muuza maandazi, alimkuta akiwa mtoto mdogo, analia nyuma ya magunia stesheni siku treni moja ilipoingia, akatangaza sokoni na msikitini, hakuna aliyekuja. Akampa jina, akamlea peke yake, akamsomesha, akamwoza kwa heshima. Limi akamvua Riziki kiatu atazame kama na vidole vya miguu ni vya mama yao, akalia palepale dukani mbele ya watu.

Lakini vitundu vya masikio wanavyo watu wengi wasiojuana, na hapo ndipo inapoanza sehemu ya Minza. Wazazi wote wawili wamekufa, hivyo hakuna wa kulinganishwa naye moja kwa moja. Limi na Riziki wangeweza kupimwa wao kwa wao, ila mnajua kwamba ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hushabihiana takribani nusu ya vinasaba, na nusu yenyewe hutokea kwa bahati. Kipimo kingeweza kusema "huenda" tu. Minza alikuwa ameishi na "huenda" tangu siku ya chupa ile, hakuitaka tena. Ndipo akakumbuka sanduku la mama mkubwa. Kitovu kimetokana na mtoto mwenyewe. Maandishi yaliyomo kwenye seli zake ndiyo yaliyomo kwenye seli za mate ya mtu mzima yuleyule, herufi kwa herufi.

Nyamizi alikitoa kile kifurushi. Riziki akatoa mate. Minza akapima, majibu yakatoka: hayalingani.

Limi alilala kitandani hakutaka kusemeshwa. Nyamizi akasema, "Basi si yeye," akaacha kula. Minza akampigia Riziki simu kumwambia, na Riziki akasema, "Mlinipa ndugu, dada. Sasa mnawachukua."

Wengi wetu tungefunga kazi hapo. Minza aliyarudia majibu yale akayaangalia mpaka yakaanza kumkera. Kitu kilichokaa sandukuni miaka yote hiyo hutoa DNA iliyochakaa na kukatikakatika. Hii ilikuwa nzima, nyingi, kana kwamba imetoka kwa mtu jana. Akafunga safari kurudi nyumbani.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama mkubwa, wakati unakitunza, ulikuwa unakigusa?"

"Nilikuwa nakibusu," Nyamizi akasema. "Nimekosea?"

"Hujakosea. Naomba na wewe mate yako."

Majibu ya kitovu yalikuwa ya Nyamizi mwenyewe, yote. Alikuwa amekibusu Ijumaa hata Ijumaa mpaka juu hapakusalia kitu kingine ila yeye. Minza alipolijua hilo alikaa maabara akalia, na kama nanyi mnataka kulia nawaruhusu.

Kisha akafuta machozi, maana hakutaka kuongeza na DNA yake. Akakisafisha kitovu kwa dawa nje pande zote, akakikata, akachukua chembe ya katikati kabisa ambako midomo haikufika. Vipande vya DNA alivyovipata huko vilikuwa vichache na vifupi. Akaviweka kwenye mashine ya kunakili, ile ya kupasha joto na kupoza, kila mzunguko kimoja kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vinne, mpaka vikatosha kusomeka. Akalinganisha upya na mate ya Riziki. Hakuna mahali palipotofautiana.

Alipiga simu kwanza kwa Nyamizi. Alisema maneno mawili tu: "Kalunde yupo."

Mnadhani kisa kimeisha. Watu wengi wangependa kiishie hapo, hata mimi.

Riziki, au Kalunde, mwiteni mnavyotaka, mimba yake ilikuwa imekaribia mwezi wa kujifungua, na ni uzao wa kwanza. Kwa desturi ya pande zote mbili, uzao wa kwanza mwanamke huenda kwao. Mama yake huingia naye chumba cha kuzalia, humpokea mtoto, kisha huwachukua wote wawili nyumbani kwake hadi arobaini. Mama mzazi hayupo. Nafasi yake ni moja, na hospitali inaruhusu mtu mmoja tu kuingia. Wakakutana nyumbani kwa marehemu mama kuamua ni nani.

Nyamizi akaanza, kwa kuwa ni mkubwa. "Kingezikwa siku ile walivyotaka wazee, leo mngempima kwa nini? Nimeitwa kichaa kwa ajili yake. Sijazaa. Niachieni hili moja."

Limi akasema, "Mama mkubwa, kitovu kingekaa sandukuni mpaka nasi tufe, kama nisingezunguka reli nzima nikitazama masikio ya watu. Mama yangu hakuitwa Mama Limi hata siku moja. Sikuona wivu. Nilimtafuta huyo ambaye mama aliitwa kwa jina lake. Sasa nimempata, nataka nimshike mkono mimi."

Minza alichelewa kuongea. "Bila mimi mngekuwa na kitovu, na sikio, na neno hayalingani," akasema.

"Bila wewe asingepotea," Limi akamjibu, kisha akajuta papo hapo, ikaonekana usoni.

"Ndiyo," Minza akasema. "Niliuachia mkono wake. Ndiyo maana nauomba."

Pembeni aliketi Bi Mwavita, aliyemsindikiza binti yake kutoka Kigoma. Muda wote alikuwa anakunja vinguo vya mtoto alivyoshona mwenyewe, anakunjua, anakunja tena. Nyamizi akamgeukia kwa adabu. "Na wewe bibi, unasemaje?"

"Mimi sidai," Bi Mwavita akasema. "Kwenye majibu yenu mimi simo, nimeambiwa hivyo na nimeelewa. Ila usiku akiwa na homa anapenda kuwekewa kiganja mgongoni, sio kwenye paji la uso. Yeyote atakayeingia naye nilitaka alijue hilo." Akarudi kwenye vinguo vyake, na macho hakuyainua tena.

Ndipo Kalunde akasema, "Mbona hakuna anayeniuliza mimi?"

Wakamuuliza.

"Nawataka nyote," akasema. "Tangu utotoni nimekuwa nikiwaota watu nisiowajua sura, na sasa mko chumba kimoja, mnagombana kwa ajili yangu, wala sijui niseme nini. Nikimchagua mmoja nitakuwa nimewaumiza watatu. Na ninayemtaka kuliko wote, hamuwezi kumleta."

Akaenda kukaa kizingitini, ameshika kiuno, akitazama reli ambako mama yake alikuwa akisimama. Wote wanne walimtazama, na kila mmoja alimtaka kwa namna yake, na hakuna aliyesogea asije akaonekana anawahi.

Haya. Naona mikono imeanza kunyooka, na wewe wa nyuma hukuwa macho tangu asubuhi ila sasa uko macho. Subirini kwanza. Msiniambie waingie wote, nimeshawaambia mlango unapita mmoja. Msiniambie vinasaba vitaamua, maana vinasaba vimeshasema yote vinavyojua: vimetuambia huyu ni nani, vikanyamaza. Kuna aliyemtunza wakati hayupo. Kuna aliyemwona. Kuna aliyempoteza, akasoma maisha yake yote mpaka akamthibitisha. Na kuna aliyemlea bila kujua kwamba anamlelea mtu.

Mwanamke akishikwa na uchungu, hata awe mtu mzima namna gani, huita mama. Kalunde ataita, na wanne watakuwa wamesimama mlangoni wakisikia. Je, wewe ungemwambia nani aitike?